Tarehe 14 Oktoba na watu wake

Nilizaliwa tarehe 14 Oktoba. Kila mwaka ikifika siku hiyo, asubuhi mapema kuna mtu ameshanitumia ile orodha ya "siku kama ya leo": mwaka huu palipiganwa vita, mwaka ule kazaliwa mwigizaji, mwaka mwingine imevunjwa rekodi. Nawashukuru wote wanaonikumbuka. Ila orodha zenyewe zinanisumbua, kwa sababu zinampanga aliyeuawa na aliyeimba kwenye mstari mmoja, halafu zinaondoka. Ndiyo maana nikaanzisha daftari la tarehe hii moja tu. Kila ninapoandika tukio ndani yake najiuliza kama kuna uzi unaoliunganisha na majirani zake, au ni namba tu zilizogongana. Mara nyingi ni namba tu. Lakini kuna mahali uzi upo kweli, na hapo ndipo huwa nakesha.

Uzi ninaoupenda kuliko yote unaanzia mwaka 1890, alipozaliwa Dwight Eisenhower huko Denison, Texas. Akiwa rais wa Marekani, mwaka 1954, aliidhinisha kutengenezwa kwa ndege ya upelelezi iitwayo U-2. Ilikuwa na uwezo wa kuruka zaidi ya kilomita 20 juu ya ardhi, kimo ambacho waliamini Wasovieti wasingeweza kukifikia. Mei 1960 wakakifikia: ndege ya Gary Powers ikatunguliwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, kiongozi wa Wasovieti Nikita Khrushchev akawaka kwa hasira, na mkutano wa wakubwa uliokuwa ufanyike Paris ukavunjika. Hata hivyo U-2 haikustaafu. Usiku wa kuamkia 14 Oktoba 1962 rubani Richard Heyser alipaa kutoka California, na asubuhi akapita juu ya magharibi ya Kuba kwa dakika chache akipiga picha. Zilikuwa picha 928. Eisenhower, ambaye urais alikwisha kuuacha, alikuwa anatimiza miaka 72 siku hiyo hiyo. Wachambuzi walipozikagua picha kesho yake wakaona makombora ya Kisovieti, Rais Kennedy akaambiwa asubuhi ya tarehe 16, na dunia ikaishi ukingoni mwa vita vya nyuklia hadi tarehe 28, Khrushchev alipokubali kuyaondoa.

Miaka miwili baada ya picha zile, tarehe 14 Oktoba 1964, wenzake Khrushchev walimwita kikaoni Moscow wakamvua madaraka. Alikuwa ametolewa mapumzikoni kwenye pwani ya Bahari Nyeusi siku moja kabla. Miongoni mwa makosa waliyomtwika ni jinsi alivyoliendesha suala la Kuba. Basi mtu amezaliwa, ndege aliyoiruhusu imepiga picha, na mpinzani wake ameangushwa, yote tarehe moja, na kila kimoja kimechangia kuleta kingine. Aliyepanga tarehe zifanane hayupo. Sababu zenyewe, lakini, zimefuatana kweli, na mstari wa "1890, kazaliwa Eisenhower" hauwezi kukuambia hilo.

Mwaka huo wa 1964 una utajiri wake peke yake. Siku ambayo Khrushchev anaangushwa, Martin Luther King yuko hospitalini Atlanta, ameenda kupumzika na kupimwa afya, mkewe Coretta anampigia simu kumwambia kwamba amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ana miaka 35, na hadi wakati huo hakuna aliyewahi kuipata akiwa kijana kiasi hicho. Na Tokyo, kwenye Michezo ya Olimpiki, Billy Mills anakimbia mita 10,000. Mills ni wa kabila la Oglala Lakota, wenyeji wa asili wa Marekani, yatima aliyekulia Pine Ridge, eneo walilotengewa watu wake, na katika mbio hizo hakuna aliyemhesabu. Mzunguko wa mwisho anasukumwa nje na Ron Clarke wa Australia, Mohammed Gammoudi wa Tunisia anapenya katikati yao na kuongoza, na kwenye mita za mwisho Mills anatokea pembeni na kuwapita wote wawili. Muda wake ulikuwa dakika 28 na sekunde 24.4, rekodi ya Olimpiki. Hadi leo hakuna Mmarekani mwingine aliyeshinda dhahabu ya mbio hizo. Jambo ninalolitafakari sana ni hili: aliyesoma gazeti la kesho yake angeweza kujua habari za King na za Mills, lakini kubwa la siku hiyo kisiasa, la Khrushchev, lilikuwa bado limefungiwa ndani. Wananchi wa Umoja wa Kisovieti walilisoma kwenye gazeti la Pravda tarehe 16.

Nikirudi California, ule uwanja alioondokea Heyser, Edwards, zamani uliitwa Muroc. Ndipo alipoondokea rubani Chuck Yeager tarehe 14 Oktoba 1947, akiwa ndani ya ndege ya Bell X-1 iliyobebwa tumboni mwa ndege kubwa ya B-29. Siku mbili kabla alikuwa ameanguka kutoka kwenye farasi na kuvunjika mbavu. Hakuwaambia wakubwa. Rafiki yake Jack Ridley alimkatia kipande cha mpini wa ufagio ili aweze kufunga mlango wa chumba cha rubani bila kuinua mkono wa kulia. Kisha akaachiwa angani, akawasha injini za roketi, na kwenye kimo cha mita 13,000 hivi akawa mtu wa kwanza kupita kasi ya sauti kwenye ndege inayoruka sambamba na ardhi.

Miaka 65 baadaye, tarehe ile ile mwaka 2012, Felix Baumgartner aliruka kutoka kwenye puto karibu kilomita 39 juu ya New Mexico, akawa wa kwanza kupita kasi ya sauti kwa mwili wake mwenyewe, bila chombo. Wengi huandika kana kwamba tarehe ilichaguliwa kumuenzi Yeager. Haikuchaguliwa. Jaribio lilikuwa lifanyike tarehe 9, upepo ukakataa, likasogezwa. Yeager naye siku hiyo, akiwa na miaka 89, alikuwa hewani kwenye kiti cha nyuma cha ndege ya F-15, akipita tena kasi ya sauti kwa kumbukumbu yake. Hapo upepo ndio uliowakutanisha, na mimi hilo linanifurahisha kuliko kama ingekuwa ratiba.

Tukio linaloongoza karibu kila orodha ya tarehe hii ni mapigano ya Hastings ya mwaka 1066, Wanormani wa William kutoka kaskazini mwa Ufaransa walipomuua mfalme Harold na kuitwaa Uingereza. Kwa kweli tukio hili limo kwenye tarehe yetu kwa hisani tu. Watu wa wakati ule walihesabu kwa kalenda ya Julius Kaisari, ambayo ilikuwa ikiteleza polepole nyuma ya jua. Ukiihamishia siku ile kwenye kalenda tunayotumia sasa, inaangukia tarehe 20 Oktoba. Mteremko huo ndio Papa Gregori XIII alioutibu mwaka 1582: katika nchi zilizomfuata tangu mwanzo, kama Hispania, Ureno na Polandi, watu walilala Alhamisi tarehe 4 Oktoba na kuamka Ijumaa tarehe 15. Siku kumi zilifutwa, na ya mwisho kati ya hizo ilikuwa 14 Oktoba. Huko Roma mwaka huo haikuwepo. Hakuna aliyezaliwa, aliyekufa wala aliyevikwa taji. Mtakatifu Teresa wa Ávila alifariki usiku ule ule wa mpito, na sikukuu yake huadhimishwa tarehe 15. Waingereza wao waliendelea na kalenda ya zamani hadi 1752, kwa hiyo hata William Penn, mwanzilishi wa Pennsylvania, aliyezaliwa London tarehe 14 Oktoba 1644 kwa hesabu yao, kwa hesabu yetu alizaliwa tarehe 24. Daftarini nimemwandika, lakini pembeni.

Kuna ukurasa wa daftari ninaoufungua taratibu. Tarehe 14 Oktoba 1943, katika kambi ya Sobibor iliyojengwa na Wanazi katika Polandi waliyoivamia, Wayahudi waliobakizwa hai ili wafanye kazi waliinuka. Kambi hiyo ilikuwa imeua zaidi ya watu 160,000. Wafungwa walikuwa kama 600, wakiongozwa na Leon Feldhendler na Alexander Pechersky, ofisa wa Jeshi Jekundu aliyekuwa na wiki chache tu tangu aletwe. Waliwaita maofisa wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, mmoja mmoja kwenye karakana, waje kujaribu koti au viatu, wakawaua kimyakimya kwa shoka na visu, kisha wakakimbilia uzio. Kama 300 walitoka, wengi wakapitia eneo lenye mabomu ya ardhini. Walioiona mwisho wa vita ni kama 50. Siku hiyo, New York, mwanafalsafa na mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Ujerumani aitwaye Hannah Arendt alikuwa anatimiza miaka 37. Naye alikuwa amewahi kufungiwa kambini, Gurs nchini Ufaransa, akaponyoka. Mwaka 1961 alikwenda Jerusalem kuandika habari za kesi ya Adolf Eichmann, ofisa wa Kinazi aliyepanga kusafirishwa kwa Wayahudi kwenda kambini, na kati ya mashahidi wa kesi hiyo alikuwemo Dov Freiberg, aliyetoroka Sobibor akiwa bado kijana mdogo. Uzi huo ni mwembamba, lakini upo.

Sasa nije kwa wale wawili walio karibu nami zaidi. Tarehe 14 Oktoba 1930, Lisala, kando ya Mto Kongo, alizaliwa Mobutu. Tarehe 14 Oktoba 1999, katika Hospitali ya St Thomas jijini London, alifariki Mwalimu Julius Nyerere kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 77. Nilikuwa mtoto. Ninachokumbuka ni redio, sauti ya Rais Mkapa, na watu wazima ambao ghafla hawakutaka kuongea. Tangu hapo siku yangu imekuwa ya Mwalimu, na sijawahi kutamani irudi kuwa yangu.

Wawili hawa walitawala nchi zinazotazamana ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka ziwa hilo kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo, Laurent Kabila akiwa miongoni mwa viongozi wao. Che aliondoka Novemba akiwa ameshindwa, na tarehe 24 ya mwezi huo huo Mobutu akatwaa nchi. Kabila aliishi miaka mingi Tanzania. Mwalimu aliachia urais mwaka 1985 kwa hiari yake. Mobutu alibaki hadi Mei 1997, akakimbia wapiganaji wa Kabila yule yule wakiingia Kinshasa. Akafa uhamishoni Rabat mwezi Septemba, naye kwa saratani. Alizikwa huko huko. Mwalimu aliendelea kusuluhisha mgogoro wa Burundi hadi mwili ulipomkatalia, kazi ikachukuliwa na Mandela, na Mwalimu akarudishwa Butiama kuzikwa. Siku moja ya kalenda imebeba kuzaliwa kwa mmoja na kufa kwa mwingine, na orodha ninazotumiwa mara nyingi hazina hata mmoja wao.

Halafu kuna Mogadishu. Tarehe 14 Oktoba 2017, Jumamosi mchana, lori lililojazwa mabomu lililipuka kwenye makutano ya Zoobe, likaliwasha lori la mafuta lililokuwa karibu. Waliokufa walizidi 580. Ni moja ya mashambulizi mabaya kabisa kuwahi kutokea Afrika, na bado naletewa orodha zenye mwigizaji Roger Moore na zisizo na Zoobe. Kama wewe ndiye unayeziandaa, naomba mwaka huu uiweke, na uiweke juu.