Julai ya Kitabuni

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, picha zimejaa ukurasa mzima na maneno machache chini yake. Kaka alikiazima maktaba ya mkoa kwa ajili yangu. Nilikuwa darasa la pili, ndiyo kwanza nimeacha kuunganisha silabi kwa sauti. Ilikuwa Februari 1988, Tanga, nyumbani kwa Bibi, Barabara ya 12 Ngamiani.

Kaskazi ilikuwa inavuma mchana ule, lakini upepo wenyewe wa moto kama umetoka tanurini. Umeme umekatika tangu asubuhi, feni kimya. Bibi alikaa barazani akisuka ukili, mara kwa mara akijifuta shingo kwa upindo wa kanga. Kurani aliisoma, na barua za herufi za Kiarabu pia. Herufi za shule ndizo hakuzijua. Akaniambia, "Haya mjukuu wangu, nisomee."

Nikasoma. Baba, mama, watoto wawili na mbwa wao, joto limewashinda. Watoto wanakimbizana kwenye majani, baba anawamwagia maji kwa mpira. Mama anakata tikiti. Usiku wote wanalala uani.

"Maji yote hayo yanamwagwa chini?" Bibi akauliza.

Kisha nikafika penye picha ya kalenda ukutani, na neno lake: Julai. Nikanyamaza. Julai niliijua mimi. Ni kipupwe, kusi inavuma, naamshwa kwenda chuoni nimejifunika kanga ya Bibi, na maji ya kuoga yanapashwa jikoni. Nikarudia herufi moja moja. Bado Julai. Machozi yakanilenga, maana nilidhani kusoma kumenitoka, na mbele ya Bibi.

Yeye hakuwa na namna ya kuzihakiki zile herufi. Aliweka ukili chini akafikiri. "Babu yako alikuwa baharia," akasema. "Alifika Hamburg mwezi wa Desemba, akakuta watu wamevaa makoti mawili mawili. Sasa, kama Desemba yao ni baridi hivyo, Julai yao itaachaje kuwa joto? Umesoma sawasawa."

Hadi leo sijapata kusifiwa kukanifikia moyoni kama siku ile.

Jioni Kaka aliporudi na baiskeli yake alichukua chungwa na kandili, akalizungusha chungwa limeinama, akanionyesha jinsi upande wa juu unavyolielekea jua mwezi wa Julai. Sisi, akasema, tuko chini ya ikweta, kama nyuzi 5. Nilielewa nusu. Bibi alikuwa ameshamaliza hoja yake tangu mchana.

Ila hayo yalikuwa ya jioni. Pale pale barazani, kabla sijafuta machozi vizuri, Bibi aliinuka, akachota maji mtungini kwa kata, akanimwagia miguuni taratibu, kidogo kidogo, yasipotee.

"Mpira hatuna," akasema. "Haya, rudia pale pa tikiti."