Namba kwenye kipande cha boksi

Mwaka 2022, nikiwa fundi cherehani Kiborloni, niligongwa na Noah ya abiria nilipokuwa nimesimama kando ya barabara ya Moshi–Himo nikisubiri magari yapungue nivuke. Walioshuhudia wanasema dereva alipunguza mwendo, akatazama nyuma, kisha akakanyaga mafuta kuelekea Himo. Mimi nilikuwa chini, mfupa wa muundi wa mguu wa kulia umevunjika.

Wakati wengine wananikimbilia, mama mmoja muuza ndizi alichana kipande cha boksi la sabuni, akaandika namba ya gari kwa kalamu ile ile anayoandikia wadeni wake, na chini yake akaongeza maneno mawili: "namba nyeupe". Maana yake gari lile lilikuwa la biashara, kwani magari ya watu binafsi hubeba namba za njano. Jirani alipokwenda polisi kunichukulia PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, ili nitibiwe hospitali ya KCMC, mama yule alifuatana naye na kukikabidhi kipande hicho. Nikikumbuka hilo bado moyo unanijaa, kwa sababu gari lisilojulikana halina bima ya kudaiwa.

Polisi walilikamata gari, na mpwa wangu alipoingiza namba yake katika mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, akakuta bima ya mtu wa tatu, ile inayomlipa anayeumizwa na gari, ilikuwa hai siku ya ajali.

Nilipotoka hospitali, mwenye gari alikuja nyumbani na baba yake mdogo, wakiwa na mchele, sukari na bahasha. Mzee alizungumza kwa upole: "Mama, sisi ni majirani, tuyamalize kiungwana, mambo ya mahakama yanachosha." Fedha zile zingetosha kulipa deni la hospitali. Lakini ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi iliyokwisha kuchapwa, ikisema kwamba nimeridhika na sitakuwa na madai mengine yoyote, na mimi wakati huo sikujua kama mguu ule, wenye chuma ndani, ungeweza tena kukanyaga cherehani. Kaka yangu aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema: "Mzee, pole yenu tumeipokea kwa mikono miwili, lakini karatasi hii mrudi nayo." Siwahesabu kuwa watu wabaya, hata hivyo naamini mgonjwa hapaswi kuwekewa kalamu mkononi kabla daktari hajasema neno lake la mwisho.

Dereva alikiri makosa mahakamani. Tukachukua nakala ya hukumu, ramani ya ajali, PF3, taarifa ya daktari na risiti zote, tukaziwasilisha kwa kampuni ya bima pamoja na barua ya madai. Wakili alitutahadharisha kwamba madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3, kwa hiyo tusikae tukingoja ahadi za mdomo.

Ugumu ulikuja kwenye kipato. Ofisa wa bima alitaka hati ya mshahara, nami nikamwekea mezani daftari langu la oda, lenye majina ya wateja, vipimo vya mabega na viuno, malipo ya awali na baki. Akalifunua haraka, akasema, "Fundi, hili ni daftari tu." Lilikuwa ndiyo kazi yangu yote. Baada ya hapo barua zetu hazikujibiwa, mpaka nilipopeleka malalamiko ofisi ya TIRA Kanda ya Kaskazini, Arusha. Hapo kampuni ikaitwa, daftari likasomwa ukurasa kwa ukurasa, na kipato kikakubaliwa.

Walinilipa matibabu, kipato nilichopoteza na fidia ya maumivu. Gharama ya upasuaji wa kutoa chuma, ambayo daktari alikwisha kuiandika wazi katika taarifa yake, waliikataa kwa hoja kwamba upasuaji wenyewe ulikuwa haujafanyika. Niliilipa mwenyewe mwaka uliofuata, na hadi leo sioni kwamba walinitendea haki katika hilo.