Vita Iliyoamuliwa Katonga

Leo ni tarehe 26 Januari, na kama kila mwaka, tangu asubuhi inasimuliwa namna waasi wa NRA, jeshi la Yoweri Museveni, walivyoiteka Kampala, mji mkuu wa Uganda, mwaka 1986. Kwa maoni yangu masimulizi hayo huanza kwa kuchelewa, kwa kuwa vita ile iliamuliwa miezi kadhaa kabla, kwenye kinamasi cha Katonga, katika barabara ya kutoka Kampala kwenda Masaka.

Msafiri wa basi la Masaka hupapita bila kupatambua: barabara imeinuliwa juu ya tuta, mafunjo yametanda kulia na kushoto, kisha daraja fupi, na haupiti muda wachuuzi wa Lukaya wanagombania madirisha na mishikaki yao na gonja, zile ndizi za kuchoma. Mafuriko ya Mei 2023 yalipolikata daraja hilo, wasafiri walilazimika kuzungukia Kanoni na Sembabule, mwendo wa kuchosha hata wakati wa amani, sembuse kwa jeshi lenye haraka. Hata Machi 1979 Watanzania na askari wa Idi Amin, waliosaidiwa na Walibya, walipigana papo hapo karibu, Lukaya.

Baada ya Rais Milton Obote kupinduliwa Julai 1985, wapiganaji wa Yoweri Museveni walizizingira kambi za Masaka na Mbarara na kujichimbia Katonga, na majeshi ya Jenerali Tito Okello, mtawala mpya, yaliyotumwa kutoka Kampala kuinusuru Masaka yakashindwa kuvuka. Wakati huohuo pande hizo mbili zilikuwa zikijadiliana Nairobi mbele ya Rais Daniel arap Moi wa Kenya. Mkataba ulitiwa saini tarehe 17 Desemba, siku chache tu baada ya kambi ya Masaka kusalimu amri, na ukampa Museveni umakamu mwenyekiti wa Baraza la Kijeshi lililokuwa likitawala nchi. Mtu aliyekwisha kuishika magharibi na kuendesha utawala wake huko angeufuata umakamu wa nini? Katikati ya Januari mashambulizi yakaanza, kamanda Salim Saleh, mdogo wake Museveni, akiwa mstari wa mbele, na haikutimia wiki mbili Kampala ikaanguka; tarehe 29 Museveni akaapishwa.

Linalonikera ni habari ya makadogo, wale watoto waliokuwamo katika NRA, wengi wao yatima wa Luwero, eneo la kaskazini mwa Kampala lililoumizwa na vita hiyo. Husifiwa kwa ushujaa wao kila Januari, lakini sijasikia hata mara moja ikiulizwa ni nani aliyewakabidhi bunduki, wala ni wangapi waliorudi darasani.