Nimerudi nyumbani, na karakana inakaa peke yake

Miaka yote ya ughaibuni nilipasua mbao kwenye chumba cha kukodi, benchi la watu wengi, kila jioni zana zinarudi kwenye sanduku. Kwa hiyo niliporudi, kabla hata ya kufikiria rangi ya sebule, niliwaambia wenzangu nyumbani kwamba kwanza najenga karakana. Wakauliza kwa nini nisiiunganishe na nyumba, niokoe ukuta mmoja.

Ukuta huo sitaki kuuokoa. Gari nalo litalala humo, na moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayopenya mlangoni hadi wanakolala watoto. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Ndiyo maana matundu ya hewa nimeyapanga chini na juu, na soketi zote zitakaa juu ya kimo cha meza, cheche zisiufikie mvuke huo. Vumbi na makelele, hayo kila mtu anayajua.

Ukubwa sikuupima kwa kiwanja, niliupima kwa plaiwudi. Ubao mzima ni sentimita 122 kwa 244. Ukitaka kuupasua kwa urefu kwenye msumeno wa meza, unahitaji karibu mita mbili na nusu mbele ya msumeno na nyingine kama hizo nyuma yake, hapo mashine yenyewe hujaihesabu. Nilichora kila mashine kwenye karatasi kwa kipimo, nikazikata, nikawa nazisogeza mezani hadi nikaona msumeno ukiutazama mlango mkubwa, ubao mrefu utokee nje. Kuta zilichorwa baada ya hapo. Mlango una upana wa mita 2.7, gari lipite bila kukunja vioo.

Sasa sakafu, na hapa naomba mtu asiwe na haraka. Kifusi kikishindiliwa na kokoto kutandazwa, inakuja nailoni nzito, maana bila hiyo unyevu wa ardhini utapanda kwenye zege na kuzipa kutu randa na patasi. Zege ni sentimita 10, na upande wa gari 15 zenye nondo. Mteremko ni sentimita moja kwa kila mita kuelekea mlangoni, maji yatoke yenyewe. Kabla ya kumwaga tunalaza mabomba matupu ya plastiki: moja la umeme, moja la maji, na jingine la akiba. Fundi alidhani la akiba ni kupoteza fedha. Nimemwomba alilaze tu, kwa sababu kutoboa zege lililokomaa ni kazi ninayoijua vizuri, na simtakii mtu. Likishamwagwa linamwagiliwa na kufunikwa wiki nzima, kwani zege halikauki kama nguo, linakomaa kwa maji. Mashine nzito zitasubiri siku 28.

Umeme utakuwa na njia yake toka kwenye boksi kuu, waya mnene wa kutosha kwa umbali ule, kikata-umeme cha miliampia 30, kinachozima umeme mara unapovuja, na eathi yake. Taa hazichangii breka na mashine. Breka ya msumeno ikianguka usiku na taa zikazimika nayo, unabaki gizani karibu na meno ambayo bado yanazunguka.

Kwa mnaojiandaa kurudi na kontena la zana: mimi nilikotoka ni volti 120, hezi 60 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), hapa ni 230 na 50. Transfoma inashusha volti, lakini hezi haizigusi. Drili na grainda zenye brashi za kaboni hazijali. Mota kubwa zisizo na brashi, za msumeno wa meza au kompresa, zitazunguka pungufu kwa kama asilimia 17, na zikipewa volti ileile zitapata joto kupita kiasi. Soma kibati cha mota kabla hujapakia. Kikiandikwa 50/60 Hz, hezi hazitakusumbua, kilichobaki ni volti. Kikiandikwa 60 Hz peke yake, ni bora uiuze hukohuko na ununue nyingine ukifika.