Kuwaza usiku kucha sio kujitafakari

Kuna kitu naona tunakichanganya sana na kinatuumiza kimya kimya. Mtu anakwambia mimi najitafakari sana, jana hata sijalala nilikuwa nayawaza maisha yangu tu. Jamani, huko sio kujitafakari. Ni kulizungukia jambo lile lile mpaka kunakucha, unaamka kichwa kizito na hakuna jipya ulilolijua kuhusu nafsi yako. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Susan Nolen-Hoeksema, aliichunguza tabia hii miaka mingi na akakuta wanaoyarudia rudia machungu yao kichwani ndio huzuni yao inakaa muda mrefu na inakuwa nzito zaidi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasifia "kuwaza sana" kama hekima, kuwa makini.

Mimi naamini kujitafakari lazima kuwe na mwisho, na njia rahisi ya kufikia mwisho huo ni kuandika. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall waliwaambia wanafunzi wa chuo waandike kuhusu jambo lililowahi kuwaumiza, dakika 15 tu kwa siku, siku 4 mfululizo. Walioandika tukio na hisia zao pamoja, miezi iliyofuata walienda kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko walioandika vitu vya kawaida tu. Halafu baadaye Pennebaker akaja kuona kwamba wanaofaidika zaidi ni wale ambao maandishi yao siku hadi siku yanaanza kuwa na maneno kama "kwa sababu" na "sasa naelewa". Hapo ndipo penyewe. Kichwani wazo halina nukta, linajirudia tu, lakini kwenye karatasi sentensi ukishaianza inabidi uimalize.

Mimi nafanya baada ya isha, simu naiacha sebuleni inachaji, nachukua daftari la kawaida la shule. Najiuliza leo kipi kimenigusa, kilianzia wapi, mwili wangu ulifanya nini, na kesho nifanye kitu gani kimoja. Hilo la mwili watu wanalipuuza sana lakini mara nyingi tumbo linajua kabla ya akili, yaani kifua kimebana toka asubuhi na wewe unasema niko poa.

Nitoe mfano. Familia walipanga mambo ya harusi kwenye grupu, mchango ukatajwa, nikapata hasira ambayo hata mimi niliishangaa, nikawa najiambia ni hela, hela yenyewe ngumu, mara hili mara lile. Nilipoandika ikatoka kwamba hela wala haikuwa shida. Kilichoniuma ni kwamba mimi dada yao mkubwa sikuulizwa, nimekuta tu limeshaamuliwa. Hayo ni maumivu mawili tofauti kabisa na dawa zake tofauti. Kesho yake nikampigia mdogo wangu, sikugusa habari ya mchango, nikamwambia hilo la kutoulizwa, na tukaelewana.

Kingine kinachosaidia, jiandikie kama unamuandikia mtu mwingine, tumia jina lako. Mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake walilipima hili, utafiti ukatoka 2014, wanaojisemesha kwa majina yao badala ya "mimi" wanatulia vizuri zaidi kwenye presha. Mwanzoni utajisikia ajabu ila jaribu, maana rafiki yako huwezi kumtukana kama unavyojitukana mwenyewe.

Lakini daftari lina mipaka yake na hili nalisema kwa uzito. Kama kuandika kunakuzidishia maumivu, simama. Kama mawazo yamefika kwenye kutotaka kuishi, usibaki peke yako na karatasi, tafuta mtu unayemuamini leo hii na muende hospitali. Hata kama hujafika huko, kuongea nako ni kujitafakari. Zimbabwe daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha Friendship Bench mwaka 2006, akina bibi wa mitaani wamefundishwa kukaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki na kumsikiliza, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na za wasiwasi zilipungua sana. Ninachokipenda pale ni kwamba bibi hakupi jibu. Anakuacha uyataje matatizo yako yote, halafu anakuomba uchague moja, mnalishughulikia hilo kwanza mpaka upate hatua ya kwenda kuifanya, ndio unarudi mnaongea tena.