Kirikuu, Probox au TownAce: pima mzigo kabla ya gari

Anayeishi mjini huku akijenga Chanika au Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, hufika mahali akachoka kulipia mizigo midogo midogo. Leo mifuko sita ya saruji, kesho mabati, keshokutwa samadi ya bustani na kitanda cha mgeni. Hapo ndipo wazo la kununua gari la mizigo linapomjia, na swali la kwanza kinywani mwake ni lile lile: lita moja inakwenda kilomita ngapi?

Swali si baya, ila limetangulia zamu yake. Chukua mifuko 50 ya saruji, yaani tani 2.5, kutoka duka lililo kilomita 10 na mahali pa ujenzi. Kirikuu, yaani pikapu ndogo kama Suzuki Carry, inayobeba mifuko 7 kwa safari itakwenda na kurudi mara 8: kilomita 160. Kwa kilomita 13 kwa lita, umechoma zaidi ya lita 12. TownAce ya Toyota, ya mifuko 16, itakwenda mara 4, kilomita 80, na kwa kilomita 11 kwa lita umetumia lita 7 na kidogo. Canter inayokwenda kilomita 6 tu kwa lita inamaliza kazi kwa safari moja, lita 3 na nusu hivi. Gari "linalokunywa" ndilo lililokunywa kidogo kuliko yote.

Sasa geuza. Mwezi mzima gari hilo hilo linabeba gunia mbili za pumba, madumu ya maji, meza moja, na siku nyingi liko tupu na dereva peke yake. Kwa kilomita 1,000 za mzigo mwepesi hivyo, kirikuu ya kilomita 15 kwa lita itatumia lita 67. Canter ya kilomita 7 itatumia lita 143. Zidisha tofauti hiyo kwa bei kikomo ambayo EWURA, mamlaka ya nishati na maji Tanzania, huitoa kila mwezi, utaona pesa inakokwenda.

Kwa hiyo nunua gari la mizigo ya kila wiki. Mzigo wa mara moja kwa mwaka, mchanga, kokoto, matofali, ukodie Canter au tipa. Anayenunua gari kubwa kwa ajili ya siku mbili za mchanga anazilipia siku mia tatu na zaidi zilizobaki.

Kirikuu inabeba nini hasa

Suzuki Carry, ambayo Tanzania tunaiita kirikuu pamoja na ndugu zake Daihatsu Hijet, Honda Acty, Subaru Sambar na Mitsubishi Minicab, ni gari la sheria za Japani. Injini haizidi cc 660, urefu hauzidi mita 3.4, upana hauzidi mita 1.48, na mzigo unaoruhusiwa ni kilo 350. Kilo hizo haziwahesabu dereva na abiria mmoja.

Kilo 350 ni mifuko 7 ya saruji ya kilo 50. Au madumu 16 ya maji ya lita 20. Au mabati 53 ya geji 30 yenye mita 3, kwa sababu bati moja la aina hiyo lina kilo 6 na nusu hivi. Kwa mbao nyepesi, mikaa, majani ya ng'ombe, samani na magodoro, nafasi itaisha kabla ya uzito, na hapo kirikuu haina mpinzani.

Kinachowaponza watu ni mchanga. Bodi lina takribani mita 1.9 kwa 1.4, na kuta zake hazifiki sentimita 30. Macho yanakwambia lijaze hadi ukingoni. Mchanga mkavu una tani 1.6 hivi kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo bodi likijaa umepakia karibu tani 1.2, mara tatu na zaidi ya uwezo. Kilo 350 za mchanga zikisawazishwa kwenye bodi lote zinafika kimo cha sentimita 8, vidole vinne vya mkono. Ni ndoo 11 za lita 20, na mchanga ukiwa umenyeshewa, pungufu ya hapo. Tofali la inchi sita la saruji na mchanga lina kilo 30 au zaidi: matofali 11 tu. Hakuna anayepakia matofali 11, na ndiyo sababu chesisi za kirikuu nyingi zimepasuka nyuma ya kebini.

Mafundi watakwambia waongeze majani ya springi. Watakuongezea, na gari litaacha kuinama. Ila bearingi, ekseli, breki za ngoma za nyuma, chesisi na matairi vimebaki vile vile. Springi mpya imeondoa ishara iliyokuwa inakuonya. Dalili za kuzidisha ni usukani kuwa mwepesi, taa kupiga juu machoni pa wanaokuja, na breki kulegea kwenye mteremko mrefu kwa sababu ngoma zimepata joto.

Faida yake kubwa, ambayo haiandikwi kwenye matangazo, ni bodi lenyewe. Kuta tatu zinashuka, na sakafu iko sentimita 65 hivi kutoka ardhini, usawa wa paja la mtu mzima. Mtu mmoja anashusha mfuko wa saruji begani bila kuita vijana. Ukishusha kuta, godoro la futi 5 kwa 6 linalala. Kuta zikiwa juu halilali, kwa sababu upana wake ni mita 1.52.

Probox

Ukitaka gari moja lipeleke watoto shule na pia libebe, Probox ya Toyota inajieleza. Ilitoka 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo, ikiwa na injini za 1.3 na 1.5 (2NZ na 1NZ, zote za cheni, kwa hiyo hakuna mkanda wa taimingi wa kubadilisha). Ukilaza viti vya nyuma unapata sakafu ya mita 1.8 hivi, na uwezo ni kilo 400 mkiwa watu wawili mbele. Ndiyo, kwenye karatasi inaizidi kirikuu kwa mfuko mmoja wa saruji. Wabebaji wa miraa kutoka Meru, Kenya, waliujua uimara wake zamani.

Lakini ni gari lililofunikwa. Samadi utaikumbuka wiki mbili. Vumbi la saruji linaingia kwenye vitambaa na mitambo ya kiyoyozi. Friji ndefu inabidi ilazwe, nayo ikilazwa oili ya kompresa hutembea kwenye mabomba. Baada ya kuisimamisha uiache saa kadhaa kabla ya kuiwasha. Ukinunua, kata turubai nzito la kutandika sakafuni likipanda hadi kwenye kuta za pembeni. Na usifunge nondo juu ya keria: nondo ya milimita 12 yenye mita 12 ina kilo 10.6, kumi tu ni zaidi ya kilo mia, na hata ikikunjwa katikati bado ni mita 6 juu ya gari lisilofika mita 4.3.

TownAce na LiteAce

Hapa ndipo ningempeleka anayejenga kweli na ana bustani au mabanda ya kuku. Zile zilizoanza 2008 zina injini ya 3SZ ya cc 1,500, zinavuta kwa magurudumu ya nyuma, zinabeba kilo 750 hadi 800, na bodi lake huzidi mita 2.3 kwa urefu. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4 inalala, ikichungulia nyuma kidogo tu. Mafuta yanapanda ukilinganisha na kirikuu, kilomita 10 hadi 12 kwa lita, lakini kwa kila mfuko wa saruji uliofika, inakula kidogo, kama tulivyoona pale juu. Bei ya kununua ndiyo inayouma. Zile za zamani zaidi zenye injini ya 7K ni za bei nafuu na fundi yeyote anazijua, ila zinakunywa zaidi.

Hilux yenye kebini moja ni gari zuri mno na hubeba karibu tani. Kwa mwenye shamba lenye tope sawa. Kwa barabara za mtaa, unalipia nguvu usiyoitumia.

Guta, yaani pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, nalo lisidharauliwe. Kwa safari zisizozidi kilomita 5 za madumu na magunia, mafuta yake ni ya pikipiki. Tatizo ni breki, na kupinduka kwenye kona mzigo ukiwa mrefu.

Ukienda kuikagua kirikuu

Lala chini ya gari kwanza, injini baadaye. Magari mengi haya yametumika mashambani Japani, na ya four-wheel hasa yametoka sehemu za theluji ambako barabara hunyunyiziwa chumvi. Chukua bisibisi, gonga chesisi pale springi zinaposhikiliwa na pale kebini inapokutana na bodi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya boksi au bisibisi inazama. Rangi nyeusi mpya inayong'aa chini ya gari kuukuu isikufurahishe, kwarua uone kilicho ndani yake.

Simama nyuma hatua tano. Likiwa limelala upande mmoja, springi imekatika jani au limezoea mzigo wa kuzidi.

Injini iwashwe ikiwa baridi, kwa hiyo mwambie muuzaji mapema asiiwashe. Carry ya toleo la DA63T, inayoonekana zaidi mitaani, ina injini ya K6A ya silinda tatu yenye cheni. Cheni ikikwaruza kwa sekunde kadhaa baada ya kuwasha, oili ilikuwa haibadilishwi kwa wakati. Injini hii inachukua chini ya lita 3 za oili, kwa hiyo lita moja ikipungua ni theluthi nzima; wengi huziua hivyo. Badilisha kila kilomita 5,000 na upime kila wiki. Acty na Sambar za zamani zina mkanda wa taimingi, na kama hakuna ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu mkanda mpya kwenye bei ya kununua.

Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta kitu cha rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika na oili, gasketi ya silinda hedi imekwenda. Injini iko chini ya viti na rejeta iko mbele, kwa hiyo mabomba ya maji ni marefu. Fundi akibadilisha maji bila kutoa hewa, hewa inabaki humo, injini inachemka na mshale wa joto hausemi ukweli mapema. Kuna sehemu ya kutolea hewa. Jaza rejeta taratibu, injini ikiwa inaunguruma na hita imefunguliwa, mpaka mapovu yaishe. Na iwe kulanti, maji maalumu ya rejeta, kwa sababu maji ya bomba yanaozesha mabomba hayo kutoka ndani.

Chagua gia za kawaida. Otomatiki ya DA63T ina gia tatu tu, injini inalia barabara kuu na mafuta yanapanda. Klachi uipime kwenye kilima ukiwa na mtu mmoja au wawili bodini: mlio ukipanda na gari halipandi, klachi imeisha. Four-wheel usiichukue kama huna tope la kudumu, inaongeza uzito, difu ya pili na mafuta. Ukiwa nayo, usiiache imeingia kwenye lami kavu, kona moja kali inabana mitambo yote.

Unapoagiza spea, herufi ya mwisho ya namba ya chesisi ina maana: DA63T ni bodi wazi, DA64V ni ile iliyofunikwa ya Every. Ukitaja "Suzuki Carry" peke yake dukani utaletewa kisichoingia.

Tairi ni 145R12 za mizigo, zilizoandikwa 6PR, au 80/78 kwa alama mpya, ambapo 80 ni kilo 450 kwa tairi. Wauzaji hupenda kuzitoa na kuweka za gari dogo la abiria za saizi hiyo hiyo, ambazo nyingi huishia kilo 375, na hizo ndizo zinazopasuka. Upepo ufuate kibandiko cha mlangoni. Tairi ikiwa laini, mafuta yanaliwa bila dereva kujua.

Mzigo mzito uweke ukiegemea kebini, usiuning'inize nyuma ya ekseli. Mabati ya mita 3 yatatoka nje kwa zaidi ya mita moja: funga kitambaa chekundu mwishoni, na kamba zipite juu ya mzigo kwa msalaba, kwa sababu upepo wa kilomita 60 kwa saa hunyanyua bati la juu kabisa kama ukurasa. Udongo na mchanga vifunikwe turubai.

Kabla ya kuagiza Japani, weka mwaka na aina kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato Tanzania, maana ushuru unaweza kukaribia au kupita bei ya gari lenyewe. Aliye Kenya akumbuke kuwa gari lililopita miaka 8 haliingii. Na ukianza kubeba mizigo ya jirani kwa malipo, leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima ya biashara zinakuhusu. Bima ya gari la binafsi inaweza kukataa dai lako siku ya ajali.