Unamkimbia nani?

Tangu Jumapili nalala na swali moja, naamka nalo. Aliyeliuliza ni Dada. Lingetoka kwa mtu mwingine ningekuwa nimelisahau kabla sijafika kona ya kwanza.

Nilikuwa nimekaa kizingitini nafunga kamba za viatu. Yeye amesimama nyuma yangu, mkoba bado begani. Akaniangalia weee, halafu akasema:

"Mdogo wangu, hivi wewe unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu, Dada. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ni kutembea. Mtu hakimbii kilomita 10 kama hakuna anachokikimbia."

Nikainuka, nikatoka. Hata kumuaga sikumuaga sawasawa. Niliporudi, ameshaondoka.

Wiki yenyewe imejaa mambo: idara yetu imeunganishwa na nyingine na nina bosi mpya, mume wangu amerudi kutoka safari ndefu, na kliniki wamesema vali ya bandia niliyowekewa moyoni inafanya kazi vizuri, na kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda (INR) kimesoma 2.6, palepale wanapotaka. Hayo yote yamepita kama upepo. Mimi niko kizingitini bado, na kamba za viatu mkononi.

Kilichoniuma ni kwamba Dada anajua. Watu wengine huona mwanamke mwenye kovu la kifuani anakimbia, wakadhani ameamka tu siku moja akaamua. Dada yeye ndiye aliyeniosha nywele zile wiki ambazo sikuruhusiwa kunyanyua mikono juu ya kichwa. Anajua kwamba mfupa wa kidari ulipasuliwa kwa msumeno kutoka juu mpaka chini, ukafungwa kwa waya za chuma kisichoshika kutu, na kwamba waya hizo zimo humu ndani na zitabaki humu. Anajua nilivyokuwa nakumbatia mto nikitaka kukohoa. Alikuwepo siku niliyotembea hatua 40 kwenye ujia nikarudi kitandani nikitweta.

Anajua pia nilivyoanza. Sikukimbia mpaka daktari wa moyo aliponiruhusu, na hata hapo nilianzia kwenye mazoezi tiba, nimebandikwa nyaya kifuani, mtaalamu macho kwenye skrini. Baadaye ikawa dakika moja kukimbia, nne kutembea. Kisha mbili kwa tatu. Miezi imekwenda hivyo. Mbio ndefu kwangu hazikuja kwa kasi, zimekuja kwa kuongeza kidogo na kurudi nyuma kila nilipojisikia vibaya. Sikimbii gizani wala kwenye mawe, maana kwa dawa ya kuzuia damu isigande nitakayoimeza maisha yangu yote, kuanguka kwangu si kama kuanguka kwa mwingine. Sidiria nilibadilisha mara tatu nikitafuta isiyosugua kovu. Je, hayo ni mambo ya mtu anayekimbia ovyo?

Kwa hiyo wiki nzima nimekuwa namjibu kichwani. Jumatatu nilimjibu kwa hoja. Nilimwambia habari za daktari Terence Kavanagh wa Toronto, aliyewapeleka wagonjwa wake waliokwisha kupata mshtuko wa moyo kwenye marathoni ya Boston mwaka 1973, kilomita 42.195, nao wakakimbia. (Wao tatizo lao lilikuwa mishipa, langu lilikuwa vali, lakini kichwani mwangu Dada hakulishika hilo.) Jumanne nilimjibu kwa hasira. Nilimwambia: ulitaka nipone ili nikae kwenye kiti?

Na nilikuwa nayasema kwa sauti, njiani. Saa ya kupima mapigo hainisaidii sana, kwa sababu kidonge kimojawapo ninachomeza huyazuia mapigo yasipande kama ya watu wengine. Mtaalamu akanifundisha kipimo cha maneno: ukiweza kusema sentensi nzima bila kuikata, mwendo ni wa salama, ukikatika, punguza. Zamani nilikuwa nataja majina ya watoto na siku za juma. Wiki hii sentensi yangu imekuwa moja tu. Simkimbii mtu, Dada, nafanya mazoezi. Simkimbii mtu, Dada, nafanya mazoezi. Chini yake nasikia vali, tik, tik, tik, kama saa iliyofungiwa kabatini. Usiku wa kwanza nyumbani niliichukia sauti hiyo. Siku hizi isiposikika kwa sababu ya upepo, naitafuta.

Jumatano, kwenye mlima, sentensi ilikatika katikati. Nikapunguza mwendo, nikatembea. Na pale, nikitembea, nikaisikia upya sauti ya Dada, nikatambua kwamba hakuwa amenikejeli. Hakuwa hata amekasirika. Aliliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kujibiwa.

Usiku nikamuuliza mume wangu: siku ile ya upasuaji, Dada alikuwa wapi?

Akanyamaza kidogo. Akasema Dada alisimama. Saa zote zile, kuna viti, kila mtu anamwambia kaa, yeye amesimama ameukabili mlango. Muuguzi alipotoka kusema kwamba nimeondolewa kwenye mashine na moyo unapiga wenyewe, ndipo alipokaa, na hakukaa kwenye kiti, alikaa sakafuni. Akamwomba mume wangu asiniambie.

Miezi 19, ndiyo kwanza nasikia.

Mimi nilikuwa nimelala. Najua kwa kusoma kwamba moyo wangu ulisimamishwa makusudi, kwa dawa yenye potasiamu, ukatulia kabisa wakati vali inashonwa, na mashine ikashika kazi ya moyo na mapafu. Nimelisoma hilo mara nyingi na kulisimulia. Halijawahi kunitokea, kwa namna fulani. Lilimtokea aliyekuwa nje ya mlango. Na kila nikifunga kamba za viatu, nafungua mlango mwingine, naufunga nyuma yangu, namwacha amesimama.

Jana nikampigia simu. Maneno yote niliyoyapanga wiki nzima hayakutoka hata moja. Nilimwambia tu kwamba Jumamosi nakimbia saa moja asubuhi, kilomita 10, na ile barabara ni ya kwenda na kurudi, hivyo nitapita kwake mara mbili.

Kimya. Kisha akasema, "Nitakaa nje."

"Utakaa kwenye kiti?"

"Nitaona."

Sijui kama tumepatana au tumeahirisha. Nimetandika nguo za kesho juu ya kiti, na nilipozigusa nililia kidogo, bila sababu ninayoweza kuitaja.

Sasa ni usiku na kitinda mimba wangu amenionyesha mdomo: jino jipya limechomoza nyuma ya lile la utoto, na la utoto halilegei hata kidogo. Nimelitikisa kwa kidole, limesimama imara. Wakubwa zake hawakuwahi kuwa hivi. Jumatatu asubuhi nampeleka kwa daktari wa meno, na bosi mpya bado sijamwomba ruhusa.